Wanasema programu mpya inaenda mbio zaidi. Nani alipima?



Kila mara toleo jipya la programu likitoka, kuna mtu anaandika katika grupu: "Wekeni hii mpya, inaenda mbio kuliko ile ya zamani." Watu wanaweka vidole juu, wanapakua, mega zinaisha, na hakuna hata mmoja anauliza: mbio kwa kazi gani? Kwa mashini ya nani? Ulipima namna gani? Mimi pia nilikuwa kati ya wale wenye kuweka vidole juu. Halafu siku moja ni mimi njo niliandika ile mesaje, na nilichoandika hakikuwa kweli. Sikutaka kudanganya mtu. Nilipima vibaya tu, na mbele ya grupu nzima nilipaswa kurudia maneno yangu na kuyala.

Niko na diplome ya informatiki, niko na miaka 25, na sina kazi. Hiyo si habari mpya kwa wasomaji wa hapa. Ordinatere yangu ni ya mutumba, memori giga 4, betri inashika dakika arobaini siku yenye iko na roho nzuri. Pamoja na wenzangu tunafanya kazi ya ramani bila malipo: tunachora nyumba, njia na visima kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya dunia yenye ilianza 2004 na yenye kila mtu anaweza kuichora na kuitumia bure.

Kwa nini ramani? Mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ililipuka. Swali la kwanza katika vichwa vya watu wote lilikuwa la ramani: moto umepita wapi, na nyumba za nani ziko ndani? Swali hilo likiingia ndani ya ordinatere linakuwa swali la jiometri. Kuna umbo moja kubwa, njia ya lava. Kuna maumbo madogo maelfu, nyumba. Mashini inapaswa kusema ni zipi ziko ndani, zipi ziko nje, na zipi zimeguswa pembeni.

Wengi wenu mkifungua QGIS munaona vifungo na rangi. Lakini kazi yenyewe ya kukata na kulinganisha maumbo, kwa sehemu kubwa, inafanywa na maktaba moja yenye haionekani: GEOS. Ukitumia PostGIS, unatumia GEOS. Ukiandika Python na Shapely, unatumia GEOS. Ilianza kama tafsiri ya programu nyingine, JTS, yenye Martin Davis aliandika kwa lugha ya Java kule Victoria, British Columbia, inchi ya Canada. Watu wa PostGIS walihitaji kitu kama hicho kwa lugha ya C++, wakakiandika. Ni programu huria, leseni yake ni LGPL: kode iko wazi, unaisoma, unaibadilisha, unaipima, hauombi ruhusa kwa mtu yeyote. Pakiti ya kode yake ni megabaiti chache tu. Video moja ya dakika tatu inakula kuliko hiyo.

Sasa, mwezi wa Desemba 2020 lilitoka toleo 3.9 la GEOS, na ndani yake kulikuwa kitu kipya kinaitwa OverlayNG. Ni njia mpya ya kufanya ile kazi ya kuweka umbo moja juu ya lingine na kutoa sehemu yenye iko ndani ya yote mawili, au ile yenye imebaki. Ilitangazwa kwamba ina nguvu zaidi na kwamba, kwa kazi nyingi, inaenda mbio zaidi. Njo hiyo nilitaka kupima, juu siku ile nilikuwa na swali lenye kunikera.

Swali lilikuwa hili. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilifungua mnada wa vitalu 30, 27 vya petroli na 3 vya gesi, na vingine vilikuwa vinaingia ndani ya Hifadhi ya Virunga. Oktoba 2024 mnada ule ulifutwa. Lakini wakati ule kila mtu alikuwa anatupa namba yake: huyu anasema sehemu kidogo tu imeguswa, yule anasema nusu. Mimi nikajiambia: ni umbo juu ya umbo. Kama niko na mchoro wa kitalu na mchoro wa hifadhi, hekta zenye ziko ndani ya vyote viwili zinahesabika hapa hapa chumbani, bila kungoja mkutano wa waandishi wa habari. Ila lazima niamini programu yenye inanihesabia. Na programu yenyewe ilikuwa na matoleo mawili kwenye mashini yangu, ya zamani na mapya.

Nikaandika programu ndogo kwa lugha ya C, mistari kama sitini. GEOS iko na mlango mmoja wa lugha ya C wenye haubadiliki ovyo kutoka toleo hadi toleo. Kwa hiyo programu ile ile inaweza kuitwa na toleo 3.8, halafu na toleo la juu, unabadilisha maktaba tu chini yake. Nikasema hapa hakuna ujanja, kitu kimoja tu kimebadilika. Nikaendesha ya zamani. Nikaendesha mpya. Mpya ilishinda vibaya sana, hata nilicheka peke yangu. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupa katika grupu na maneno makubwa. Vidole juu, mioyo, "chapa kazi kaka".

Dada mmoja wa timu yetu, mwenye anasoma ujenzi, hakuweka kidole. Aliandika mstari mmoja: "Kaka, ulirudilia ile ya zamani mara ya pili?"

Sikuwa nimerudilia. Nikarudilia palepale. Ya zamani, mara ya pili, ilikuwa karibu sawa na mpya.

Nilichokuwa nimepima ni diski yangu. Saa ya programu yangu ilikuwa inaanza kabla ya kusoma faili. Mara ya kwanza faili ilitoka kwenye diski, ile ya kuzunguka, yenye inalia kama mashini ya kusaga mahindi. Mara ya pili faili ilikuwa tayari imebaki ndani ya memori, juu mfumo unaweka karibu kitu chenye umetoka kukisoma. Kwa hiyo yeyote mwenye angekimbia wa pili angeshinda, hata kama ni toleo la 2010. Jiometri yenyewe ilikuwa imechukua sehemu ndogo tu ya ule muda. Nikarudi katika grupu na kuandika kwamba mesaje yangu ya kwanza ilikuwa ya bure. Hiyo mesaje haikupata mioyo mingi.

Ninaeleza haya kwa urefu juu ninaona makosa hayo kila siku, na si kwetu tu. Mtu anapima mara moja, anatangaza. Mtu analinganisha mashini yake ya leo na ile ya mwaka jana. Mtu anajenga toleo moja kwa hali ya kutafuta makosa, yenye inaenda polepole kwa kusudi, na lingine kwa hali ya kazi ya kawaida, halafu anasema mpya imeboreshwa. Hayo yote yanatoa namba, na namba zinaonekana nzuri kwenye skrini. Ubaya wa namba ni huo: hata ya bure iko na sura ya ukweli.

Basi tukapima upya, safari hii pamoja na yule dada. Kusoma faili kwanza, halafu njo saa inaanza. Matoleo yote mawili yamejengwa na chaguo zile zile. Mara ya kwanza haihesabiwi, ni ya kupasha moto mashini. Halafu mara ishirini, lakini si ishirini za zamani kisha ishirini za mpya. Ni moja ya zamani, moja ya mpya, kwa zamu, ili kama mashini inachoka, ichoke kwa zote mbili. Mwishoni hatuchukui namba nzuri kuliko zote, wala wastani wenye unaharibiwa na mara moja mbaya. Tunazipanga zote kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati. Tulifunga pia brauza, juu brauza yenye iko na kurasa kumi na tano inakula memori kuliko Virunga nzima.

Na umeme? Umeme ulikatika katikati ya mfululizo wa kwanza. Ordinatere ikaenda kwa betri, na mashini nyingi zikienda kwa betri zinapunguza mwendo wa prosesa ili zisife haraka. Namba zote kuanzia pale zikapanda. Mwenye kupima kule kwenye umeme hauzimiki hawezi hata kufikiri juu ya tatizo hilo. Sisi tulitupa mfululizo mzima na kungoja saa nne za usiku, wakati umeme ulirudi. Wenzetu katika kartie walikuwa wanachaji simu, sisi tunahesabu milisekunde. Mama yangu alipita akauliza kama hiyo njo kazi tulisomea.

Tulikuwa na aina tatu za data, na hapa njo niliona kitu chenye sikutegemea.

Aina ya kwanza: nyumba za kartie moja, zenye wachoraji wa OpenStreetMap walichora kutoka picha za satelaiti. Maumbo maelfu, lakini kila moja iko na pembe nne au tano. Hapo zamani na mpya zilikuwa karibu sawa. Tukirudilia, mara hii inashinda moja, mara ile nyingine. Tofauti yenye inabadilisha mshindi kila unaporudilia si tofauti, ni kelele. Ukitaka kusaidia kazi ya aina hii, dawa iko kwingine. GEOS iko na njia ya kutayarisha umbo moja mapema, kama vile lile la lava au la hifadhi, ili kulilinganisha na nyumba elfu kumi bila kuanza upya kila mara. Na kwa watu wa Python, Shapely 2.0 ya Desemba 2022 ilileta faida kubwa bila kugusa jiometri kabisa: badala ya Python kupiga hodi kwa GEOS mara elfu kumi, inapeleka orodha nzima mara moja. Mwenye angepima GEOS peke yake asingeona faida hiyo. Mwenye angepima Shapely peke yake angefikiri ni GEOS imebadilika.

Aina ya pili: maumbo machache lakini makubwa, mpaka wa hifadhi na mpaka wa kitalu, yenye kufuata mito na milima, nukta maelfu kila moja. Hapa mpya ilishinda kweli, kila mara, na hata yule dada alikubali. Sababu inaeleweka bila kuwa mtaalamu. Chukua umbo la vipande vya mstari 5.000 na lingine la 5.000. Ukilinganisha kila kipande na kila kipande unafanya mara 25.000.000. Hakuna injini nzuri inafanya hivyo. Zote, ya zamani pia, zinatumia indeksi, yaani zinaweka vipande ndani ya makasha na makasha ndani ya makasha makubwa, halafu kasha lenye haligusi lingine linaachwa na vyote vyenye viko ndani yake. Lakini OverlayNG inaongeza kitu: kama unatafuta sehemu ya pamoja tu, sehemu zenye ziko mbali na eneo la kukutana zinakatwa mapema kabla ya kazi nzito kuanza. Virunga ni ndefu, imeshuka kutoka kaskazini ya ikweta hadi karibu na Goma. Kitalu kinaigusa mahali pamoja. Kwa nini ubebe hifadhi nzima, yenye kuwa karibu km² 7.800, wakati unauliza juu ya kona moja?

Muangalie vizuri lakini: kama kitalu kingefunika hifadhi yote, faida ile ya kukata mapema ingepotea. Kwa hiyo hata neno "inashinda" linategemea umbo lenye unampa.

Aina ya tatu njo ilitupa usingizi. Ni pwani ya ziwa Kivu, yenye ilichorwa mara mbili na watu wawili, kila mmoja kwa picha yake ya satelaiti. Mistari miwili inafuatana, inapishana, inaachana kwa sentimita, inapishana tena, kona kwa kona, hadi Idjwi na visiwa vidogo. Kila mchoro peke yake uko sawa. Ukiiweka mmoja juu ya mwingine, mashini inapaswa kupata mahali maelfu penye mistari inakatana karibu sambamba, na namba za ordinatere ziko na tarakimu kama kumi na tano au kumi na sita tu zenye kuaminika. Nukta ya kukatana haiangukii pale penye inapaswa. Inaanguka pembeni kidogo, na ule mstari umehama kidogo, na sasa unakata mwingine wenye haukuwa unakatwa.

Katika jedwali letu, kwa data hii, ya zamani ilikuwa imeshinda. Mbio kabisa! Tungekuwa watu wa kupima muda peke yake tungeandika kwamba toleo jipya limeharibu kazi.

Ya zamani ilikuwa inaonekana mbio juu ilikuwa inakufa njiani. Ilifika mahali fulani, ikatupa kosa la TopologyException, ikasimama bila jibu. Programu yangu, kwa uvivu wangu, ilisimamisha saa na kuandika muda bila kuangalia kama kuna jibu. Mpya ilikuwa inachukua muda mrefu zaidi juu ilikuwa inamaliza. Inajaribu kwanza kwa usahihi wote. Ikishindwa, inajaribu tena kwa kuvuta nukta zenye ziko karibu sana ziwe moja. Ikishindwa tena, inaweka kila kitu juu ya gridi ndogo sana na kuhesabu pale. Kila jaribio linaongeza muda. Lakini mwisho wa njia kuna poligoni mkononi.

Tangu siku ile, katika kila jedwali letu kuna safu mbele ya safu ya sekunde: jibu limetoka, ndiyo au hapana? Na safu ya pili: jibu liko sawa? Kwa hii ya pili hauhitaji kuwa na profesa nyuma yako. Chukua eneo la sehemu ya pamoja, ongeza eneo la sehemu ya hifadhi yenye imebaki nje ya kitalu. Jumla lazima iwe eneo la hifadhi yenyewe. Tarakimu za mwisho kabisa zinaweza kutofautiana, hiyo ni kawaida, lakini kama hekta zinapotea, kuna kitu kimevunjika. Na kabla ya yote muangalie kipimo: mwenye anahesabu eneo moja kwa moja juu ya nyuzi za latitudo na longitudo anapata namba yenye si hekta, si kilomita, si kitu. Nimeona ripoti yenye jalada la rangi iko na namba ya aina hiyo ndani. Ofisi ile sitaitaja.

Najua wenye watasema: inchi iko moto, vijana hawana kazi, na huyu anatuambia milisekunde. Niliambiwa hivyo na rafiki yangu wa karibu, na sikumlaumu. Sijapata hata franka moja kwa kazi hii. Lakini tangu lini tunakubali kwamba mambo ya hesabu ni ya wengine, na yetu ni kupiga kelele tu baada ya hesabu kufanywa? Mwenye kuhesabu hekta njo anaandika ripoti, na mwenye ripoti njo anakaa mezani. Kama kijana wa kartie anaweza kufungua mchoro ule ule, kutumia injini ile ile, na kuonyesha kila hatua yenye alifanya, hakuna mtu atamwambia "wewe haujui". Ila naye lazima awe amepima sawasawa. Mimi na picha yangu ya skrini ya kwanza ningefika mezani pale, wangenichapa kwa swali moja la dada yule.

Wengine wanasema: wale wa Canada na Ulaya wameshapima, sisi tutaongeza nini? Tutaongeza data yetu na mashini zetu. Kila mtu anapima kwa kile chenye kiko karibu naye. Hiyo si ubaya, ni kawaida ya binadamu. Mwenye kukaa Victoria anachukua mabonde ya mito ya kwao, yenye ilichorwa na ofisi moja, kwa uangalifu, na mashini yake iko na memori ya kutosha. Pwani ya Kivu yenye imechorwa na wajitolea wawili wenye hawajuani, inaendeshwa na ordinatere ya giga 4 yenye betri inazeeka: hiyo data na hiyo mashini viko hapa. Kama hakuna mtu wa hapa anazijaribu, mabadiliko yanaweza kufaidi wote isipokuwa sisi, na hakuna mtu atajua. Si kwa roho mbaya. Hawatajua tu.

Ni kweli pia kwamba wanaofanya programu hizi wanachoshwa na malalamiko matupu. "Toleo jipya liko polepole" si ripoti. Mtengenezaji hawezi kufanya kitu na maneno hayo, kama vile fundi hawezi kutengeneza pikipiki kwa kuambiwa "inalia". Anahitaji namba ya toleo, na katika PostGIS unaipata kwa kuuliza postgis_full_version, katika Shapely kwa geos_version. Anahitaji faili mbili ndogo zenye zinaleta tatizo. Si inchi nzima, ila kile kipande kidogo kabisa chenye bado kinaonyesha kosa. Kukata kipande hicho ni kazi ya jioni mbili tatu, na ni kazi yenye kufundisha kuliko masomo mengi yenye nilifuata. Anahitaji amri yenye uliandika, vile uliiandika. Ukiweka hivyo vyote, naye anaweza kuona kwake kile chenye unaona kwako. Na tangu toleo 3.10 kuna chombo kidogo kinakuja na GEOS, geosop, chenye kinakuruhusu kujaribu tendo moja juu ya maumbo mawili kwenye terminali, bila databezi, bila QGIS. Kwa mashini dhaifu hiyo ni zawadi.

Kuhusu ule mchoro wa kitalu na hifadhi, wengi wananiuliza namba. Niko nayo, na ile hesabu ya kujumlisha imekubali. Lakini mchoro wa kitalu wenye tulitumia ulinakiliwa na mkono kutoka ramani ya picha, na kosa la mkono pale ni kubwa kuliko kosa lolote la GEOS. Siitoi kabla ya kupata mchoro wenye kuwa na viwianishi vya kweli. Nilishakula maneno yangu mara moja, yalikuwa machungu.

Faili za majaribio, ile programu ya mistari sitini na jedwali la namba zote, hata zile mbaya, ziko kwenye klee ya yule dada. Jumamosi mchana tunakaa tena pale tulikuwa mara ya mwisho, kama umeme uko. Njoo na ordinatere yako, hata ile yenye unaona haya kuifungua mbele ya watu. Kama iko na giga 2 tu ya memori, tafadhali uje kweli, juu aina hiyo bado hatuna hata moja katika jedwali.